Dohani ya Mama Mkwe

Nilipofika Matrah, Omani, kutoka Unguja, baada ya mapinduzi, niliikuta nyumba ya ukweni imejaa moshi. Mume wangu alikaa nasi wiki chache, kisha akaenda Kuwait kutafuta kazi. Tukabaki wawili, mimi na mama yake. Kabla ya kuolewa aliishi Unguja, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa safi, ila kila neno lilikatwa na kikohozi.

Meko yalikuwa ndani ya ukuta wa jikoni: mafiga chini, dohani ya kutolea moshi juu. Moshi ulipanda kidogo, ukageuka, ukatujia machoni. Siku niliyomkuta ameinama mlangoni, anahema kama aliyekimbizwa, nikasema basi. Nitaweka jiko la chuma, lenye mlango na bomba lake.

"Meko hayo yamepika harusi yangu," alisema. "Yaache."

"Yatakuua, mama."

"Mwenye kuua ni Mungu."

Nikaenda sokoni kwa mhunzi, nikamwagiza jiko. Akauliza fundi wa kulitia ni nani. Nikamwambia ni mimi. Alicheka, lakini kazi akaipokea.

Nilijifunga kanga kiunoni na nyingine usoni, nikayavunja mafiga, nikaanza kukwangua. Masizi yalianguka mabonge mabonge, na kiota cha njiwa ndani yake. Nilipoingiza kichwa kwenye dohani, nilitazama juu. Ncha ya gogo la mtende lililobeba dari ilikuwa imechomoza humo, nyeusi, imekwisha kuungua nusu. Bomba la moto lingepita papo hapo.

"Umeona?" Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. "Nnakwambia yaache. Utatuchoma sote."

Nikakaa chini kwenye masizi. Unguja niliacha nyumba na sufuria ingali juu ya moto. Hii ya pili sikuwa tayari kuishi ndani yake kama mgeni anayengoja kuondoka. Nikachukua kishoka, nikalala chali ndani ya meko, nikaichonga ncha ile mpaka ikawa sawa na ukuta. Kisha nikaifunika kwa mawe bapa na saruji ya kule, udongo uliochomwa ukasagwa, si ile ya mfuko.

Mikono ilikuwa imeanza kulegea nilipoona bakuli la saruji likiletwa karibu yangu. Mama mkwe, mtandio umemziba mdomo.

"Uliyokoroga ni nyepesi mno," alisema. "Hii ndiyo itashika."

Ukuta ulipokauka, mhunzi alileta jiko, tukapandisha bomba, tukaziba pembeni. Nikawasha. Moshi wote ukarudi jikoni, tukakimbilia uani tukikohoa.

"Mimi jiko langu ni zima," mhunzi alisema, akaenda zake.

Nilipanda juu ya dari, ndilo paa la nyumba, kutazama. Bomba lilikuwa fupi kuliko ukuta wa ukingoni, na upepo uliopiga ukuta ule uliusukuma moshi chini. Kesho yake nilirudi sokoni, nikaagiza kipande kingine, nikakiunga mwenyewe. Safari hii moto ulivuma ndani ya chuma, na jikoni kukawa kweupe.

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi mbele ya jiko. Akafungua mlango wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Mchele uko wapi?"

"Ntapika mimi, mama."

"Wewe kaoge. Umejaa masizi mpaka kwenye kope."

Kikohozi hakikuisha kabisa, lakini alianza kulala usingizi wa kutosha. Na mimi, tangu siku hiyo, nikitaka kupika ilinibidi kwanza niombe ruhusa.