Je, Chopin Alipona?

Mwalimu wa wodi ya watoto wenye kifua kikuu aliogopa jambo moja tu duniani: kumwona mtoto akilia. Hilo ndilo lililomponza. Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha hesabu na kusoma kati ya vitanda, barakoa usoni, kinanda cha betri mapajani. Watoto walimwita Baba Kinanda, ingawa mwenyewe hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa.

Siku moja aliwapigia wimbo wa Chopin, taratibu. Akawaeleza kwamba bwana huyu aliishi zamani, akatunga muziki wa piano, na alikuwa akikohoa kama wao. Hata alipodhoofika aliendelea kupiga, kwa sauti ya chini. Watoto wakafurahi kupata mkohozi mwenzao mwenye jina kubwa.

Msichana wa kitanda cha dirishani, ambaye wenzake walimpachika jina la Wakili kwa maswali yake, akauliza, "Alipona?"

Wakili alikuwa na miezi minne ya kumeza vidonge vinavyomtapisha. Daktari alishasema waziwazi: akiacha dawa, hatatoka hapa kwa miguu yake. Mwalimu alilijua hilo, akaona heri uongo mtamu.

"Alipona, mwanangu. Akazeeka mpaka meno yakamwisha."

Wakili akacheka, akameza vidonge vyake bila kubembelezwa. Mwalimu akaenda nyumbani kifua mbele, bwege wa watu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ya siku mbili. Alisahau kitabu chake cha muziki kitandani kwa Wakili, na chini ya picha ya Chopin iliandikwa miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Hesabu za kutoa alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe.

"Thelathini na tisa," Wakili alimwambia asubuhi. "Baba yangu ana arobaini na mbili, na meno yote anayo. Alikufa na nini?"

"Kifua," mwalimu alijibu, akiangalia sakafu. "Lakini zama zile dawa haikuwepo, mama. Sasa ipo. Si hiyo hapo kwenye kikombe?"

"Juzi ulisema alipona."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Ulinidanganya. Na hii dawa, nani kasema inaponya? Si wewe?"

Akafumba mdomo. Muuguzi akambembeleza, akamtisha, akambembeleza tena. Mpaka adhuhuri vidonge vilikuwa bado kikombeni, na kesho yake vilevile. Mwalimu aliona aibu. Safari hii, kuhusu dawa, alisema kweli tupu, na hakuna aliyeitaka.

Siku ya tatu muuguzi alimvuta kando.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Anasema atameza, ila wewe usiwemo humu ndani. Na si leo tu."

Mwalimu akawatazama wale wengine, waliokuwa wakimngoja na madaftari yao. Akazima kinanda, akatoka, akasimama nyuma ya mlango. Alimsikia Wakili akigugumia maji, kidonge cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akangoja mpaka akamaliza vyote saba, ndipo akaenda kwa matroni kuomba apangiwe wodi nyingine.