Mtama Ulioungua Umeninyamazisha

Leo nimenyamazishwa nyumbani kwangu. Mimi!

Nilimwita mjukuu wangu Zuhura nimwambie aache chuo. Anasomea fizikia ya mwanzo wa ulimwengu, eti hesabu za wakati hata nyota hazijakuwepo. Mjomba wake anataka asomee uuguzi, nami nilishakubali.

Nikamkaripia: "Wewe ulikuwepo? Nani aliona?"

Akaniuliza polepole: "Bibi, tulipochimba choo hapa Lulindi tulikuta nini?"

"Majivu. Na mtama ulioungua."

"Ukatuambia ni nini?"

"Ghala la bibi zetu. Wajerumani walilichoma wakati wa Maji Maji."

"Ulikuwepo, Bibi?"

Jamani!

Akanieleza kwamba ulimwengu ulianza na joto kali mno, na masalio yake yapo angani mpaka leo. Wanasayansi wanayapima, kisha wanapiga hesabu kurudi nyuma.

Nikampigia mjomba wake palepale: "Mtoto anarudi chuoni. Mwenye ubishi aje anibishie mimi."

Alhamdulillah kwa kunipa mjukuu asiyeniogopa.

Na wewe unayecheka hapo, wako umeshamuuliza anasoma nini?