Timazi na Simu ya Mgongoni

Kaka yangu hajaitwa jina lake tangu ajenge ukuta wake wa kwanza. Anaitwa Timazi, kama lile pande la chuma linaloning'inizwa kwenye uzi kuonyesha ukuta umesimama wima au umelewa. Mimi ndiye niliyekuwa namchanganyia saruji, na bila mkono wangu angebaki na jina lake mpaka leo.

Zamani mtaa mzima ulikuja kumtazama akilaza kozi ya kwanza, mstari ule wa chini kabisa wa matofali. Alikunja mgongo asubuhi, akaja kuunyoosha jua likiwa utosini. Tofali, mwiko, pima maji. Kipovu kikitulia katikati, alifumba jicho moja, akasema, "Sifuri. Endelea." Nyumba ya mama tuliijenga hivyo, miaka ileee, nikiwa bado na nywele na wasichana wa kuzisifia.

Mwaka huu mvua imeangusha ukuta wa jiko la mama. Mama mwenyewe hayupo tena, na Timazi akaapa ukuta ule hataujenga mwingine ila yeye. Tatizo, mgongo wake siku hizi ni mkavu kama ubao. Binti yake, anayenyoosha watu viungo hospitalini, akampa sharti.

"Baba, nitakupima kwa simu. Mgongo ukikunjika digrii arobaini, nenda kajenge. Usipofika, tofali hushiki."

"Simu inapima mgongo?" nikadakia.

"Simu inajua imelala kiasi gani, baba mdogo. Naiweka juu ya kiuno, anainama, nasoma. Naishusha juu ya makalio, nasoma tena. Natoa ya chini kwenye ya juu. Inayobaki ndiyo ya mgongo wenyewe, nyingine ni ya nyonga."

Hesabu ya kutoa naijua. Niliifikia kabla shule haijanichoka.

Akambandika simu. "Inasema ngapi?" Timazi akauliza, kasimama wima.

"Sifuri."

Uso ukamng'aa. Alipoambiwa ainame, aliinama kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Baada ya kutoa, zikabaki digrii tisa. Binti akaiweka simu mezani, akaenda kuosha vikombe.

"Tisa tu!" Timazi akaninong'oneza kwa furaha. "Umeona? Sijatoka mbali na sifuri."

Nilicheka mpaka nikashika kiti. Pima maji limemfundisha miaka arobaini kwamba namba ikipanda, kazi imeharibika. Mzee wa watu alikuwa anajibana isizidi!

"Kaka, wewe si ukuta. Hapa wanataka upinde!"

"Nipinde? Kwa hiari yangu?"

Nikamwita binti arudi. Nikatandaza uzi sakafuni, nikaweka mwiko na tofali moja mbele ya miguu ya kaka. "Kozi ya kwanza, fundi," nikasema, kama enzi zetu.

Hapo akashuka. Nikamwona tena yule wa zamani, mkono unatafuta uzi, jicho moja limefumba. Kidogo tu nisikie sauti ya mama ikituita tukanywe chai.

Binti akambandika simu, akasoma. Juu, sabini na moja. Chini, arobaini na saba. Nikatoa kwa vidole kabla ya binti. Ishirini na nne.

Timazi alibaki ameinama, kalishika tofali, hataki kuliachia.

"Nyonga ndizo zimekubeba, Baba," binti akasema taratibu. "Arobaini hujafika, lakini kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, jenga. Chini ya hapo, hapana."

Timazi akaliweka tofali chini. Kisha akanigeukia. "Wewe si unasemaga kazi yote ulikuwa unaifanya wewe?"

Ndiyo maana Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa nimepiga magoti jikoni kwa mama, saruji imenijaa mpaka masikioni, yeye kakaa kwenye kiti na simu ya bintiye mkononi. Akailaza juu ya kozi yangu.

"Digrii mbili. Bomoa."

Nilibomoa mara tatu, na maneno aliyonipa siyaandiki. Mara ya nne aliilaza simu, akafumba jicho moja, akaitazama muda mrefu.

"Sifuri," akasema. "Endelea."