Wadudu Watatu wa Mama Kulwa

Mimi ni bwana shamba, na ugonjwa wangu ni kujifanya najua kila kitu. Juzi, mvua za kwanza ziliponyesha, nilikuwa mgahawani hapa Mpanda nakunywa chai ya saa nne na wenzangu wa ofisini. Mama Kulwa, mkulima wa Kakese, akanitumia picha WhatsApp: mdudu wa kahawia mwenye matope, kang'ang'ania mpapai wake. Nikaikuza picha kwa vidole, nikaandika, "Huyo anakula mizizi, mama. Pulizia dawa."

Chapati haijaisha, ikaja ya pili: mdudu mweupe kama ugali, mbawa zimejikunja. "Huyo ni panzi mgonjwa," nikajibu. "Pulizia haraka, asiambukize wenzake."

Ya tatu ilikuwa rahisi, mbawa zinang'aa kama nailoni. "Huyo ni nyenze, wale wa kelele za mitini. Hana neno, mwache."

Wenzangu wakanisifu. Basi ulipoingia ujumbe wa sauti nikajua ni shukrani, nikaongeza sauti mpaka mwisho ili hata mama ntilie asikie.

"Bwana shamba, asante. Ila huyu mdudu ni mmoja. Amejivua gamba, akanyoosha mbawa, akabadilika rangi, na mimi nimekaa naye tangu asubuhi nampiga picha. Sasa nielekeze vizuri: nimpulizie kwanza mara mbili, halafu ndiyo nimwache aimbe?"