Hitima Niliyoiita Kikao

Jamani, mnaponiona nimekaa hapa nanywa chai yangu kimya kimya mkadhani siku hizi nimekuwa mpole, si upole huo, ni aibu, na nimeibeba tangu mwaka jana sijapata pa kuitua, kwa hiyo leo nitaisema kwa kinywa changu kabla hamjaisikia kwa mwingine (najua wawili kati yenu mmeshaisikia, msijifanye mnashangaa). Mimi Mwanasha, mzaliwa wa Munje, niliyekuwa nikitembea Diani na kadi zenye jina langu mkobani nikizigawa hata kwa madereva wa tuktuk wasioniuliza kitu, nilimwaibisha mama yangu mzazi mbele ya kijiji kizima, na si yeye tu, nilimwaibisha na marehemu.

Kazi yangu hamkuwahi kuielewa vizuri, basi ni hivi. Kuna kampuni ya ushauri iko Nairobi, na mwekezaji akitaka kujenga kitu huku Pwani huiajiri ikazungumze na wenyeji kwanza, iwasikilize, halafu iandike ripoti kwamba wamesikilizwa, na ripoti hiyo ndiyo inayomfungulia mlango serikalini. Mwenye kuzungumza na wenyeji nilikuwa mimi. Nilianza kwa kushika kipaza sauti na kutafsiri Kidigo, nikapanda nikawa afisa uhusiano, na mwaka jana bosi wangu, Bwana Mutiso, akaniambia kiti cha mkuu wa uhusiano wa jamii, Pwani nzima, kiko wazi na jina langu ndilo la kwanza. Pwani nzima, jamani! Mimi niliyelelewa kwa pweza! Nilishaanza kuchagua rangi ya mapazia ya ofisi.

Kilichobaki ni mradi mmoja tu, na kwa bahati (wakati ule niliiita bahati) ulikuwa kwetu. Mwekezaji alitaka kujenga hoteli baina ya kijiji na bahari, na ua wa hoteli hiyo ungeziba njia wanayopita akina mama maji yakitoka, kwenda mwambani kutafuta pweza. Njia ile naijua kwa miguu yangu. Mama Mkubwa Mwanakombo, dada yake mama, hakujaaliwa mtoto, akanichukua mimi akanilea, na kila bamvua, bahari inapokupwa sana, alishika njia ile na chuma chake cha kuchomea pweza mkononi, na alichokitoa baharini ndicho kilichonivalisha sare ya shule mpaka nikamaliza. Kwa hiyo mjue kwamba sikuwa mgeni niliyekosea kwa kutojua.

Ripoti ilitaka vikao vitatu, cha wazee, cha vijana na cha wanawake. Viwili nilikuwa nimevimaliza. Cha wanawake tulikipanga Jumatano, nyumbani kwa Mama Mkubwa mwenyewe kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wavua pweza, na alikuwa amejiandaa kweli kweli, maana aliniambia kwa simu, "Njoo na masikio, Mwanasha. Mdomo wako uache huko huko Diani." Tukacheka. Jumatatu alfajiri akaamka kutawadha, akaanguka pale pale, na alasiri ya siku ile ile tukawa tumeshamzika.

Jumatano tukamsomea hitima. Sasa oneni mambo yalivyo, nyumba ni ile ile niliyoipangia kikao, siku ni ile ile, majamvi ni yale yale, na wanawake ni wale wale, ila hapakuwa na kikao, palikuwa na matanga. Nami nimekaa karibu na mlango, leso kichwani, simu ikatikisika mapajani, kutazama ni Bwana Mutiso, nikatoka barazani kupokea.

"Mwanasha, kikao cha wanawake vipi? Ripoti inatoka Ijumaa."

Hapo ndipo. Ningesema tu, bosi, nimefiwa, ingetosha. Lakini kichwani nikamwona mwenzangu mmoja wa Kilifi ambaye naye alikuwa akikitolea macho kile kiti, nikaona nikisema nimefiwa atatumwa yeye aje amalize kazi, na mimi nibaki na kilio changu. Nikasema, "Tuko kikaoni sasa hivi."

"Eh, nasikia sauti zao," akasema, kafurahi. "Naona wamejitokeza!"

Walikuwa wanasoma Yasini.

Akaniomba nipige picha moja. Nikasimama mlangoni, nikainua simu, nikapiga. Wallahi ilitoka vizuri, na hilo ndilo linaloniuma, ilitoka vizuri kuliko picha zote nilizowahi kupiga kazini, wanawake wamekaa kwenye majamvi na leso zao, wameinama, juzuu mikononi, na mama yangu yuko mbele kabisa anafuta macho. Nikaituma. Baada ya dakika mbili Mutiso akajibu kwamba amependa, hasa alivyoona wameshika vijitabu vyetu vya mradi na wanavisoma kwa makini. Nikajibu, "Ndiyo."

Mkishaanza, mnaendelea tu. Alhamisi akataka majina ya waliohudhuria, nikayaandika usiku nikiwa nimechoka, kwa kichwa, kama nilivyozoea kuandika majina ya kikundi kile. Ijumaa asubuhi akataka maoni yao, nikaandika kwamba hawana pingamizi, na njia ya pwani "itaangaliwa baadaye" (mnaona nilivyokuwa fundi). Jioni akaniambia picha imewekwa kwenye jalada la ripoti. Nikajipa moyo kwamba ripoti za Nairobi huishia makabatini mwa Nairobi, nani Munje atakayeiona?

Wiki tatu baadaye kikaja kikao cha wote, cha serikali, darasani kwenye shule ya msingi ya kwetu. Mutiso mwenyewe akaja, na ofisa wa serikali wa kuandika maoni, na jenereta, na ile mashine ya kurushia picha ukutani. Tatizo likawa mwanga, madirisha ya darasa lile hayana pazia, picha haionekani. Nani akatoa ufumbuzi? Mimi. Nikawaomba akina mama watuazime leso zao tuzitundike madirishani. Wakazitoa, wakajifunga moja moja, nyingine tukazitundika kwa misumari, darasa likawa giza zuri.

Mama alikaa benchi la mbele. Alikuwa amevaa doti ya leso niliyomnunulia, na kabla ya kuanza nilimsikia akimwambia jirani yake Bi Riziki, "Leo ndiyo wanampa ukubwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anafurahi tangu tumzike dada yake.

Mutiso akaanza kuzungumza, na mimi natafsiri, na kipaza sauti changu, najisikia. Akaonyesha ramani, akaonyesha mchoro wa hoteli, kisha akabonyeza, na ukuta mzima ukajaa ile picha. Mimi sikuambiwa kama ataionyesha.

Mwanzoni wanawake walifurahi, na hilo nalo siwezi kulisahau, waliangua kicheko cha watu waliojiona ukutani. "Hee! Si mimi yule?" akasema Bi Riziki, anajinyooshea kidole. "Tazama nilivyonenepa!" Halafu akakaza macho. Akasema kwa sauti ya chini, lakini darasa zima lilisikia, "Mbona nimeshika juzuu?"

Kicheko kikakatika. Mutiso, maskini, haelewi kitu, akaendelea kwamba hapo akina mama wanapitia vijitabu vya mradi. Sikutafsiri. Ofisa wa serikali naye akachukua karatasi ya majina, akasema anataka kuthibitisha waliohudhuria kikao kile cha wanawake, atakayeitwa asimame.

"Wa kwanza, Mwanakombo Hamisi."

Enyi watu wangu. Nilikuwa nimemwandika. Mkono wangu umezoea kuanza na mwenyekiti, basi ukaanza na mwenyekiti, na mimi sikusoma tena nilichoandika. Nilimwandika Mama Mkubwa kwamba amehudhuria hitima yake mwenyewe na hana pingamizi.

"Mwanakombo Hamisi yupo?"

Mama akainuka taratibu, akashika meza.

"Hayupo," akasema.

"Amesafiri?"

"Amefariki. Hiyo picha ni sisi tunamsomea hitima. Na huyo anayelia hapo mbele ni mimi."

Ofisa akaishusha karatasi, akanitazama. Mutiso akanitazama. Akaniambia kwa upole, "Mwanasha, waeleze," nikainua kipaza sauti, mimi niliyeishi kwa kipaza sauti, nikasema, "Asalaam aleikum." Wakaitikia wote, "Waaleikum salaam," kwa adabu zao, maana salamu huitikiwa hata kwa mtu kama mimi. Kisha wakangoja. Nikakiweka kipaza sauti mezani.

Hakuna aliyenitukana. Bi Riziki alikwenda dirishani akachomoa leso yake msumarini. Wa pili akaifuata yake, wa tatu yake, mmoja baada ya mwingine, na kila leso ikishuka mwanga unaingia, na picha ukutani inafifia, mpaka ukawa ukuta mtupu wa darasa na hesabu za watoto zilizofutwa vibaya. Mama alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta nyumbani, jikoni, anachambua mchele ambao haukuwa na haja ya kuchambuliwa. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akachambua weee. Nilitaka anigombeze, wallahi nilitaka anipige hata kibao, mama yangu ana mdomo nyinyi mnamjua. Lakini alizungumza pole pole.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Nilikuona umesimama mlangoni na simu. Leso ilikuwa mkononi, nikataka kujifunika. Kisha nikasema, mwache, anawapelekea kaka zake walio safarini ambao hawakuwahi kuzika, nao waone tulivyomlilia mama yao mkubwa. Ndiyo nikauacha uso wazi."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya kumzika Mama Mkubwa, maana siku ile, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza ripoti. Mama hakunikataza wala hakunibembeleza.

Kazi iliisha, hilo mmeshalijua. Kiti alipewa mwenzangu wa Kilifi, na kwa kweli anafaa. Mutiso alinipigia simu mara ya mwisho, nikadhani atanifokea, kumbe alikuwa na huzuni. "Ungeniambia tu umefiwa," akasema. "Ningesogeza ripoti wiki mbili. Mimi mwenyewe ningekuja matangani." Ningependa angenifokea. Maana yake hata ule uongo haukuwa na kazi, nilijitungia hofu mwenyewe nikaiuzia watu wangu.

Kikao cha wanawake kilikuja kufanyika, cha kweli, nyumbani kwa Mama Mkubwa, na mwenyekiti sasa ni Bi Riziki. Walisema hoteli haitapata neno lao mpaka njia ya pwani iachwe wazi na iandikwe, na nasikia mchoro umerudishwa ukachorwe upya. Najua kwa kusimuliwa. Waliweka sharti moja kabla ya kuanza, kwamba mimi nisiwepo, na aliyetumwa kuja kuniambia alikuwa mama.

Nimeapa mambo mengi tangu siku ile. Nimeapa sitaandika jina la mtu ambaye sijamwona kwa macho, sitasema niko mahali nisipokuwepo, na simu haitaingia tena matangani, nitaiacha hata kwa mwenye duka. Ni viapo vizuri na ninavishika.

Lakini Idi iliyopita nilikwenda Munje. Walikuja majirani, Bi Riziki pia, tukapeana mkono, shikamoo, marahaba, nikakaribishwa vizuri, tukala, hata nikatiwa kwenye mazungumzo nikacheka, nikasema moyoni, Mwanasha, umesamehewa. Ikanijia kwamba jioni inaingia na Ukunda ninakoishi ni mbali, nikatia mkono mkobani nikatoa simu. Mazungumzo hayakukatika, ila nilipoinua macho kila mwanamke pale jamvini alikuwa ameshavuta leso amejifunika uso, wamefanya tu, bila hasira, kama mtu anavyofukuza nzi.

Na mama naye, aliyekaa ubavuni kwangu, alikuwa amejifunika. Nilikuwa natazama saa tu.