Kivuli cha Meza ya Karata

Jabez Pym alimchukia Lambert tangu siku ile mgeni huyo kutoka Norwich alipopanga patasi zake katika karakana ya Bwana Tolliver, London. Kabla ya hapo fundi wa nakshi alikuwa mmoja tu. Kila meza ya karata iliyotoka pale, zile za kukunja zenye kitambaa cha kijani ndani, ilibeba juu ya mfuniko nakshi ya Jabez ya kombe la baharini: vipande vya mti mweupe vilivyopachikwa kwenye mahogani, kingo zake zimeunguzwa kwa mchanga moto zikatoa weusi kama kivuli, hadi ungeapa kombe limechongwa.

"Kivuli chako hicho, Pym," Bwana Tolliver alizoea kusema, "London nzima hakuna mwingine."

Na Jabez aliinywa sifa hiyo pamoja na bia yake.

Sasa Lambert naye kamaliza meza. Tolliver akaipapasa, akacheka kwa furaha, na wivu ukamshika Jabez. Wenzake walipotoka kwenda kula, aliisogelea kutafuta kasoro. Hakuiona. Aliona kivuli kilichoanzia chini kushoto kikapanda mshazari, na mshazari ule aliujua. Ulitoka kwenye kidole kilichopinda, kilichobanwa na mlango zamani. Kidole cha Dorcas, mkewe. Maana Jabez alikata na kupachika tu. Aliyeunguza vipande vyake vyote, nyumbani, mbele ya moto, ni Dorcas.

Alifika nyumbani akifoka.

"Unamchomea Lambert!"

"Namchomea." Dorcas hakuinua macho kutoka kwenye kikaango cha mchanga. "Alikuja akaniomba, tena kwa adabu."

"Unanizunguka, mke wangu? Na yule mshenzi?"

"Nakuzunguka wapi, na Bwana Tolliver anajua? Huyo mshenzi wako alimwambia siku ileile, kivuli hiki ni cha mke wa Pym."

Jabez akavuta kigoda, akakaa. "Kwa hiyo vyangu navyo..."

"Mzee si kipofu. Kaja hapa asubuhi. Kanivulia kofia, Jabez, hapo mlangoni! Anataka niwachomee mafundi wote."

Wivu haukumtoka; ulihama tu. Lambert hakuwa kitu tena. Kofia ile ndiyo iliyomchoma, kwa kuwa yeye hakuwahi kupewa heshima hiyo. Akakumbuka jinsi Dorcas alivyokuwa akimuuliza jioni, "Wamesemaje juu ya kombe?" naye akijibu, "Wamelipenda," kisha akiomba chakula.

Alitamani kuomba radhi. Badala yake akatoa mfukoni vipande alivyovikata kwa meza mpya, akavisogeza karibu na moto.

"Hivi navyo," alisema kwa sauti ndogo. "Kama utapata nafasi."

Dorcas akavitazama, akavisukuma pembeni kwa kile kidole chake.

"Viweke pale. Nyuma ya vya Lambert."