Maua ya Mwalimu

Mwalimu wangu wa uchoraji alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mzee mpole aliyeishi na mkewe nyuma ya mtaa wa Gisimenti, huku kwetu Rwanda. Mimi nilikuwa binti wa fundi cherehani. Mwaka ule wa 1990 alikuwa akinifundisha kuchora maua kama wachoraji wa kale wa Ulaya: nyuma giza tupu, mbele jagi la shaba, waridi na mayungiyungi. Rangi ya mafuta ilipakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilingoja lililo chini yake likauke.

Vita vilianza mpakani mwezi wa kumi. Siku chache baadaye nilifika kwao nikamkuta mkewe amesimama mlangoni, bila viatu.

"Askari wamemuchukua," akasema. "Hata chai hajanywa. Wanasema yeye ni mtu wa adui, sababu alikulia inje."

Nikageuka niondoke, akanishika mkono. "Ingia. Endelea na kazi yake. Nikisikia hiyo harufu ya rangi, nitaona kama yuko."

Basi nikaendelea. Mayungiyungi yalinyauka, yakanuka, na mke wa Mwalimu, niliyemwita mama, akayatupa. Nikachora kwa kukumbuka. Kila gari liliposimama nje, niliweka brashi chini, naye mama akatoka jikoni kutazama dirishani. Tulisikia kwamba wengi waliokamatwa wamefungiwa katika uwanja wa mpira, kisha tukasikia wamehamishwa. Wapi, hakuna aliyetuambia.

Alirudi masika ya mwaka uliofuata, amekonda, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Alisimama mbele ya picha muda mrefu.

"Mwanga unatoka kushoto," akasema. "Hiki kivuli umekitoa wapi?"

"Sikuwa na maua, Mwalimu."

Akajaribu kushika brashi. Ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka, na mkewe akakimbilia uani ili tusimwone. Ndipo Mwalimu akaushika mkono wangu kwa ule wake wa kushoto, tukakirekebisha kivuli pamoja, polepole. Nilisikia anavyohema.

Mama aliitundika picha sebuleni kwa furaha. Mwalimu akakihamisha kiti chake, akakaa akiipa mgongo, mkono wa kulia ameuficha mapajani. Hakutusimulia kamwe alikokuwa amefungwa. Kabla mwaka haujaisha walirudi Bujumbura, na nilipowasaidia kufunga mizigo, alimwambia mkewe aiache picha ukutani.